Hotuba juu ya Watu Wazima Wanaorudi Masomoni, Iliyosomwa Katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Sisi tulio katika ofisi ya chama tumeagizwa na Kamati tuseme machache juu ya jambo ambalo mtalipigia kura leo. Mfuko wetu wa Elimu umewasaidia watoto peke yao. Je, yafaa uwasaidie na wanachama waliokatiza masomo ujanani, ambao sasa wataka kurudi?

Watu hao ni wengi humu ukumbini. Wako walioacha chuo baba alipofariki, wakaingia kazini ili wadogo zao wapate karo. Wako akina mama waliotolewa shuleni kwa ajili ya mimba au kuozwa mapema. Wako walioanguka mtihani mmoja, wakadhani mlango umekomelewa daima. Hao si wavivu. Michango yao ya kila mwezi ndiyo iliyoujaza mfuko huu, na watoto wa wengine wamesomeshwa kwa jasho lao. Si haki mkulima anyimwe mavuno.

Wazee wetu wengine wametujibu kwa methali: Samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo ni ya kweli katika malezi, wala hatuibishi. Lakini mtu wa miaka 45 aliyetunza hesabu za duka, au kusimamia ujenzi, au kuuguza wagonjwa, haendi chuoni ili akunjwe. Maisha yamekwisha kumkunja. Aenda kujifunza kanuni za kazi ambayo mikono yake yaijua, na kupata cheti ambacho bila hicho hapandi daraja.

Mifano haikosi. Mzee Kimani Ng'ang'a Maruge aliingia darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiyo, Eldoret, mwaka 2004, akiwa na miaka 84, mara tu baada ya elimu ya msingi kufanywa bila malipo mwaka 2003. Aliketi na watoto wa rika la wajukuu wake. Mwaka 2005 alikwenda New York kuitetea elimu mbele ya Umoja wa Mataifa. Naye Nelson Mandela aliondoka chuo cha Fort Hare mwaka 1940 bila digrii; akaipata ya kwanza kwa masomo ya posta, na ile ya sheria, iliyomshinda alipokuwa kijana, akaimaliza mwaka 1989 angali kifungoni, umri wake umefika miaka 70. Kawia ufike.

Njia ziko. Asiyemaliza sekondari aweza kufanya mtihani wa KCSE kama mtahiniwa wa kujitegemea. Asiyefikia gredi ya C+ inayotakiwa kwa digrii aweza kuanza na cheti au diploma, kisha akapanda ngazi. Aliyeacha chuo katikati na akiandikie kwanza chuo chake, aulize kama masomo aliyopasi yatahesabiwa, asije akalipa mara mbili. Na tangu Agosti 2023 kuna Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kinachofundisha kwa intaneti, hata mtu asome bila kuacha kazi.

Lakini tusidanganyane: karo si mzigo pekee. Mtoto akisoma, mama humpikia. Mama akisoma, nani atapika? Muda wa kusoma hutolewa katika usingizi, au katika shamba, au katika biashara. Tena kuna aibu ya kuulizwa na majirani, "Hata wewe?" Mtu mmoja hawezi kuyabeba hayo yote, na ndiyo maana watu huunda vyama.

Kwa hiyo twaleta maombi matatu. Kwanza, robo moja ya Mfuko itengwe kwa wanachama wazima, nayo iwe mkopo wala si zawadi, ili fedha zirudi na watoto wasipungukiwe. Na mwaka ambao mayatima ni wengi, wao watangulie. Pili, chumba cha nyuma cha nyumba ya chama kiachwe wazi na taa kila jioni hadi saa nne, kwa wanaosoma. Tatu, mwombaji aje mbele ya Kamati pamoja na mumewe au mkewe, kwa maana masomo ya mtu mzima ni mapatano ya nyumba nzima.

Wazee wetu, mlipojenga nyumba hii hamkuuliza umri wa mtu aliyeleta tofali. Twawaomba msiuulize leo anapoomba kitabu. Tumekwisha kusema, uamuzi ni wenu.