Mwinuko, Rangi ya Maji na Mionzi ya Urujuanimno

Mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za kupanda kutoka usawa wa bahari, kwa kuwa hewa ya kuichuja hupungua. Inayozidi kwa kasi zaidi ni ile ya mawimbi mafupi, nanomita 280 hadi 315, ambayo ndiyo huharibu DNA ya viumbe.

Kwa hesabu ya mwinuko peke yake, Ziwa Titicaca la Andes, lililo mita 3,812 juu ya bahari, hupokea kama robo zaidi ya kile kinacholifikia Ziwa Viktoria katika mita 1,134. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Ndani ya maji, rangi ina nguvu kuliko mwinuko. Mabaki ya majani na udongo wa msituni yakiyeyuka huyapa maji rangi ya chai ya rangi, na rangi hiyo humeza urujuanimno mapema kuliko inavyomeza mwanga wa kawaida. Kaboni ya mabaki hayo ikishuka chini ya miligramu 2 kwa lita, upungufu mdogo tu huiruhusu mionzi kushuka mita kadhaa zaidi. Ndiyo maana Ziwa Tanganyika, lililo mita 773 tu lakini lenye maji maangavu, hupenywa kwa kina kuliko kidimbwi cheusi katika vinamasi vya Ruwenzori.

Juu ya mpaka wa miti mambo mawili hukutana: mionzi ni mikali na udongo ni haba, hivyo maji hukosa kivuli cha rangi ile ya chai. Huko kopepodi, krasteshia wadogo sana wa majini, huwa wekundu kwa karotenoidi wanazopata kwenye mwani, na baadhi ya dafnia, krasteshia wengine wadogo, huwa weusi kwa melanini. Lakini vazi hilo lina gharama, kwani mnyama mwenye rangi huonekana upesi na samaki. Penye samaki wengi kopepodi hupauka, na kinga inayobaki ni kuzama mchana na kupanda usiku. Baridi nayo huongeza shida: vimeng'enya vinavyotengeneza DNA iliyoharibika hufanya kazi polepole, ilhali uharibifu wenyewe haungoji joto.

Si kila madhara huonekana pale yanapotarajiwa. Mwaka 1994 Max Bothwell na wenzake walichapisha matokeo ya majaribio ya British Columbia, Kanada, katika mifereji yenye kina kifupi. Mwanzoni mwani uliopigwa na urujuanimno ulidumaa. Baada ya wiki chache ukastawi kuliko ule uliokingwa. Sababu ilikuwa lava, yaani wadudu wachanga, wanaoula, ndugu wa wadudu wanaopaa kama moshi juu ya Ziwa Viktoria: mionzi iliwaumiza wao zaidi. Aliyepima mwani peke yake kwa siku chache angeondoka na jibu la kinyume.

Mionzi pia huibadilisha ngao yenyewe. Huvunjavunja mabaki yale ya kahawia, ikatoa kaboni dioksidi na chakula cha bakteria, maji yakapauka, na siku zinazofuata ikapenya chini zaidi. Mvua kubwa inayokokota udongo na majani hurudisha kivuli. Kivuli hicho huwakinga dafnia na mayai ya samaki, na huwakinga vilevile vijidudu vya maradhi, ambavyo jua lingeviua katika maji maangavu.