Gole la Kuku na Uganga Wake wa Nyumbani



Nimepewa nafasi leo niseme nanyi habari ya kuku. Labda wako watakaocheka moyoni, wakisema, "Kuku ni kitu gani hata watu wazima wakutanishwe kwa ajili yake?" Lakini sisi watu wa Singida hatuna haki ya kumcheka kuku. Kuku wetu hutiwa katika matenga wakapelekwa mpaka Dar es Salaam, na fedha zirudizo hununua chumvi, sabuni na madaftari ya watoto. Mwenye ng'ombe ana mali yake. Asiye na ng'ombe, mali yake ni kuku, na mara nyingi mwenye kuku hao ni mama wa nyumba. Kuku mmoja akifa, iko nyumba inayoona hasara yake.

Sitasema habari ya maradhi yote. Nitasema ugonjwa wa gole tu, kwa sababu mtu aweza kuutibu nyumbani kwake mwenyewe, na kwa sababu wengi wetu, kwa kutojua, huwaua kuku kwa mikono yetu huku tukidhani twawaponya.

Nilipokuwa mtoto, mama yangu alikuwa na mtetea mwekundu aliyekuwa akitamia mayai 11. Siku moja alitoka kiotani, akasimama kwa unyonge, gole lake limefura na kulegea kama mfuko wa maji. Jirani yetu, mtu mwenye nia njema, akamshika miguu, akamgeuza kichwa chini, akalibinya gole ili yale maji yatoke. Yakatoka kweli, lakini mengine yakaingia katika njia ya pumzi, na mtetea akafa papo hapo mikononi mwake. Mayai yakapoa, yakatupwa. Mama hakumlaumu jirani yule, maana yeye naye hakujua njia nyingine. Basi leo nataka tuijue njia nyingine.

Kwanza tulijue gole lenyewe. Gole ni kile kifuko kilicho chini ya shingo ya kuku, mbele ya kifua, kikielekea kidogo upande wa kuume. Kuku hana meno. Akidonoa chakula, hukiweka kwanza katika gole kilowane na kulainika. Kisha chashuka kidogo kidogo mpaka tumboni na katika firigisi, na huko husagwa kwa vijiwe alivyovimeza. Gole ni kama ghala, wala si kinu. Ghala ikijaa jioni si ajabu. Ajabu ni ghala isiyopungua usiku kucha.

Kwa hiyo, mwenye kutaka kujua kama gole la kuku wake ni zima, asimpime jioni wakati ameshiba. Ampime alfajiri, kabla hajafunguliwa wala kupewa chakula. Gole zima huwa tupu na laini wakati ule. Likiwa bado limejaa, fahamuni kuwa chakula hakishuki. Hapo lishikeni polepole kwa vidole, nalo litawaambia ni ugonjwa wa namna gani.

Namna ya kwanza ni gole lililoziba. Ukiligusa, ni gumu, kama donge la ugali uliolala. Mara nyingi kuku huyo amekula majani marefu makavu, au nyuzi za katani, au vipande vya mifuko ya plastiki, navyo vimejisokota ndani pamoja na nafaka. Kuku hunyosha shingo mara kwa mara, hula kidogo au hakosi kudonoa ila chakula hakipiti, naye hukonda.

Namna ya pili ni gole lililochacha. Hili ni laini, limejaa maji na hewa, na kinywa cha kuku hutoa harufu mbaya kama ya pombe iliyoharibika. Ndani yake imeota aina ya hamira inayodhuru. Hutokea chakula kikikaa mno bila kushuka, au kuku akila chakula chenye ukungu, au akiisha kupewa dawa nyingi za kuua vijidudu pasipo shauri la mganga wa mifugo.

Namna ya tatu ni gole lililolegea, ambalo mishipa yake imechoka, likaning'inia mbele siku zote. Hilo ni gumu kupona. Kuku wa namna hiyo apewe chakula kidogo kidogo mara nyingi, wala asiwekwe kuwa wa mbegu.

Sasa uganga wake. Kwa gole lililoziba, mtenge kuku peke yake mahali penye kivuli, pasipo majani wala pumba za kulalia asije akazila. Mnyime chakula muda wa siku moja, lakini maji safi yawe mbele yake daima. Kisha chukua kijiko kidogo cha chai cha mafuta ya alizeti, ambayo kwetu hayana shida kupatikana. Mtu mmoja amshike kuku wima, kichwa juu. Wa pili adondoshe mafuta tone kwa tone kandoni mwa mdomo, akimngoja ameze kila mara. Msiyamimine kwa wingi, maana tundu la pumzi li nyuma ya ulimi, na mafuta yakiingia humo ni hatari ile ile iliyomwua mtetea wa mama. Baada ya hayo, likande gole polepole kwa ncha za vidole, kama mtu alainishaye donge la unga, kwa muda wa dakika chache, mara 3 au 4 kwa siku. Usisukume chakula kuelekea kinywani. Donge likianza kumeguka, alfajiri ya pili utaona limepungua. Hapo mpe uji mwepesi au wali laini uliopondwa, kidogo kidogo, mpaka gole liwe tupu kila asubuhi.

Kwa gole lililochacha, usilikande sana wala usimpe mafuta. Mtenge vile vile, mnyime chakula kwa muda wa nusu siku hata siku moja, na maji yake yabadilishwe mara kwa mara. Kisha mpe chakula laini kidogo, kisicho kitamu wala kichachu. Ikiwa siku ya pili harufu ingali ipo, mwendee mganga wa mifugo, maana iko dawa ya kuiua hamira ile, naye ndiye ajuaye kipimo chake.

Mambo matatu nawakataza kabisa. Msimgeuze kuku kichwa chini. Msilipasue gole kwa kisu wala wembe; kazi hiyo ni ya mganga aliyefundishwa. Wala msimpe vidonge vya watu vilivyobaki nyumbani. Vyaweza kuiongeza hamira badala ya kuiondoa. Na ikiwa siku 3 zimepita bila nafuu, msikawie kutafuta msaada, kwa sababu huenda kizuizi ki chini zaidi, au kuku ana minyoo, au gole ni dalili tu ya ugonjwa mwingine.

Ugonjwa mwingine huo, wa kuogopwa kuliko wote, ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Nao huweza kulijaza gole maji. Lakini tofauti yake yaonekana. Gole likiziba, kuku mgonjwa ni mmoja. Mdondo haumshiki mmoja akaridhika: wengi huugua pamoja, huhema kwa shida, huhara kinyesi cha kijani, na wengine hupinda shingo. Ukiona hivyo, acha mambo ya mafuta na kukanda. Mdondo hauna dawa ya kuuponya. Una chanjo ya kuuzuia. Iko chanjo inayotiwa tone moja katika jicho la kila kuku mzima, na kurudiwa kila miezi 3 au 4. Wala mtu asikimbize kuku wagonjwa sokoni ili apate chochote kabla hawajafa. Atapata fedha kidogo leo, na kijiji kizima kitazika kuku wiki ijayo, pamoja na wake mwenyewe waliobaki.

Mwisho, kinga. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kuku wasikose maji safi, hasa wakati wa kiangazi. Wanaofungiwa bandani wawekewe mchanga wenye changarawe ndogo, ili firigisi ipate mawe ya kusagia. Majani wanayopewa yakatwe mafupi. Nyuzi, kamba na mifuko iokotwe uani. Hiyo ni kazi ambayo watoto wa shule waweza kuifanya kila juma. Chakula chenye ukungu kisitupwe mbele ya kuku kwa kusema, "Hao hula chochote." Wanakula, ndiyo, lakini si kila wanachokula kinawafaa.

Ninyi walimu, waonyesheni watoto jinsi ya kulipima gole alfajiri. Ni somo la dakika tano, nao watalipeleka nyumbani kwa mama zao. Nanyi wakubwa wa vijiji, mkisikia kuku wengi wamekufa mahali pamoja, pelekeni habari upesi kwa mganga wa mifugo, msingoje mpaka mabanda yawe matupu.

Miaka mingi baada ya mtetea yule mwekundu, mama alipata mwingine aliyeziba gole. Safari hii tulimtenga, tukampa mafuta, tukamkanda siku mbili. Asubuhi ya tatu mama alitia mkono, akalikuta gole tupu. Hakusema neno, alikwenda kumpikia uji.

Hayo ndiyo niliyotaka kuwaambia.