Kamati ya Mji na Biashara za Wenyeji
Hotuba iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Mombasa



Nimetakiwa niseme machache juu ya kazi ya Kamati yetu ya Mji katika kuwatetea wenye biashara ndogo: muuza mboga wa Kongowea, fundi cherehani wa Mwembe Tayari, mama wa mbaazi na mahamri, na mwenye mkokoteni awabebeaye wote mizigo. Mtetezi husikizwa akijua mlango wa kubisha, akija kwa wakati, akiwa na hesabu mkononi, na watu wake wakiwa kauli moja.

Kwanza ni mlango. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi serikali za kaunti kazi ya masoko na leseni za biashara. Basi shauri la soko letu halina haja ya kusafiri hadi Nairobi. Tena Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 yaagiza kila kaunti iwe na Jukwaa la Bajeti na Uchumi, Gavana akiwa mwenyekiti, na ndani yake waketi pia raia waliopendekezwa na vyama vya wafanyi biashara, wafanyi kazi, wanawake, wazee na wengineo. Kiti hicho hakimfuati mtu nyumbani kwake, yafaa tukitafute.

Pili ni wakati. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini mambo huamuliwa kabla yake. Waraka wa mkakati wa fedha hufikishwa mbele ya Bunge la Kaunti kabla ya Februari kwisha, na makadirio ya bajeti kabla ya Aprili kwisha. Atakaye paa la soko, taa, au mtaro wa maji machafu, na aseme Januari. Akija Agosti ataambiwa kuwa fedha zimekwisha gawanywa, na huo utakuwa ukweli. Chelewa chelewa, walisema wahenga, utakuta mwana si wako.

Tatu ni hesabu. Kusema tu kwamba ushuru umetulemea hakumshindi karani mwenye vitabu vyake. Kila mwanachama mwenye biashara na aandike katika daftari, kwa mwezi mmoja, ushuru alioutoa, nauli ya mkokoteni, na mali iliyomwozea kwa kukosa kivuli. Kadhalika, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 imempa raia haki ya kuuliza, na afisa hutakiwa kutoa jibu katika siku 21. Na tuulize: soko letu lilitoa ushuru kiasi gani, na kiasi gani kilirudi kulitengeneza? Lakini sisi nasi tuwe tumelipa, maana mwenye deni hana sauti mbele ya amdaiye.

Nne, na hili ndilo gumu, ni umoja. Mwenye kibanda hulalamika kwamba mchuuzi amzibia mlango, wala halipi kodi. Mchuuzi naye hulalamika kwamba vibanda viligawanywa kwa kujuana. Wote wawili ni wanachama wetu. Kamati ikimsemea mmoja, wa pili atatumiwa kuivunja. Hapana budi wasikizane hapa kwanza, mbele ya wazee, ili tutokapo tuwe na ombi moja. Na mjumbe wa Kamati asijiombee kibanda maadamu yumo kamatini. Siku atakapokipata, hakuna atakayeamini kuwa aliwasemea wengine.

Naomba basi mkutano huu, kabla ya kuagana, uchague watu wa kukusanya madaftari hayo, na wazee wa kuwapatanisha wenye vibanda na wachuuzi, ili ombi letu liwe tayari ifikapo Januari. Penye wengi hapaharibiki neno.