Pikipiki kuukuu si chuma chakavu

Ndugu msikilizaji, nyumbani kwetu Suguti, Musoma Vijijini, ipo pikipiki ambayo watoto huiita "Babu". Ni Honda CG125. Marehemu baba yangu, aliyekuwa bwana shamba, aliinunua ikiwa tayari imetumika, na mimi niliyevuka miaka arobaini ndiye ninayeiendesha kila niendapo likizo. Rangi imepauka na kiti kimeshonwa mara mbili, lakini ukipiga kiki moja, inaitika.

Mwaka jana mpwa wangu, kijana wa bodaboda, aliitazama akacheka. "Shikamoo mjomba. Hiki chuma chakavu unakiuza lini?"

"Marahaba," nikamjibu. "Ya kwako ina umri gani?"

Akasema miezi kumi na minne. Ilikuwa ya mkataba. Kila siku alimpelekea tajiri shilingi 10,000, mvua inyeshe isinyeshe, na mwezi huo ndio kwanza imekuwa mali yake. Niliinama kuitazama. Cheni ilining'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Nati ya breki ya nyuma ilikuwa imekazwa hadi mwisho wa uzi wake, maana yake breki shuu zilikuwa zimekwisha. Nikamwambia azibadilishe. Akasema, "Wiki ijayo, mjomba."

Wiki ijayo haikumsubiri. Akiteremka kuelekea mtoni, amempakia mama mwenye mtoto mgongoni, alikanyaga breki na pedali ikazama bila kushika kitu. Akaiingiza pikipiki kwenye majani. Mungu alisaidia, wote watatu waliinuka na michubuko tu. Lakini yule mama hakupanda tena. Alikwenda zake kwa miguu, bila neno.

Ndugu msikilizaji, hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yangu ya leo. Kijana maskini huanza kumiliki pikipiki siku ile ile inapokuwa kuukuu. Tajiri amekwishachukua ujana wake, kijana anaachiwa uzee wake. Asipojua kutunza kitu kikuukuu, hana mali, ana deni jingine.

CG125 ilitoka mwaka 1976. Waliobuni injini yake walizingatia nchi kama zetu, ambako pikipiki hubebeshwa mizigo kupita kiasi na oili hubadilishwa kwa nadra. Ndani ya injini hawakuweka mnyororo wa kuendesha valvu, wakaweka vijiti vya chuma vya kuzisukuma, visivyohitaji uangalizi mwingi. Injini za namna hiyo zimenakiliwa sana huko China, na nyingi zimo katika bodaboda tunazozipanda. Kwa hiyo "Babu" na wajukuu wake ni ukoo mmoja. Kinachowatofautisha ni malezi.

Mwaka huo huo wa 1976, BMW ya Ujerumani ilitoa R100RS, pikipiki kubwa ya safari ndefu yenye kinga ya upepo mwili mzima. Hata leo wapo Wazungu wenye uwezo wa kununua mpya wanaozitunza hizo kuukuu na kuvuka nazo nchi hadi nchi. Hawaoni aibu. Huona fahari.

Na malezi yenyewe si ghali. Oili ya pikipiki hizi ni lita moja hivi, na hiyo hiyo hulainisha injini, gia na klachi. Ikichakaa, vyote vitatu vinaumia pamoja. Cheni ipakwe oili, icheze sentimita mbili hivi, isizidi sana. Breki zitazamwe kila asubuhi kabla ya abiria wa kwanza. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika pikipiki, ukuta huo waweza kuwa kaburi.

Nanyi matajiri wa mikataba, nina ombi. Andikeni katika mkataba siku moja kila mwezi ambayo hesabu hailetwi, pikipiki inakwenda kwa fundi. Shilingi 10,000 hiyo haitawafilisi. Mnayempa chombo hicho hubeba mama zetu.

Mpwa wangu sasa huja kwangu na spana mkononi. Juzi aliniomba nimwachie "Babu" nitakaporudi kazini. Nikamwambia kwanza anioneshe breki za ile ya kwake.

Kwa leo ndugu msikilizaji, naishia hapo.