Foleni ya Amri: Neno na Kazi Yake



Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulishughulikia zaidi maneno yanayoonekana kwenye skrini. Istilahi za ndani ya mfumo endeshi bado zinatudai. Nachukua moja: foleni ya amri, yaani maombi ya kusoma na kuandika yanayosubiri diski.

Mkazi wa Buguruni asikiapo "foleni" huyaona makutano ya Barabara za Mandela na Uhuru, magari yamekwama. Ndiyo maana wapo wapendao "msururu". Mimi nasema foleni ibaki, kwani tatizo lenyewe lilikuwa la makutano. Katika Linux ya zamani kila diski ilikuwa na foleni moja yenye kufuli moja. Vichakata vyote vililigombea, hata diski ikiwa haina kazi. Toleo la 3.13 la mwaka 2014 lilileta mpango wa kukipa kila kichakata foleni yake. Toleo la 5.0 la mwaka 2019 likaufuta ule wa zamani, na waandishi wa viendeshi wakabakiwa na njia moja tu ya kuitunza.

Hata hivyo neno lina upungufu. Foleni huahidi zamu, ilhali diski ya SATA yaweza kupokea hadi amri 32 na kuzipanga upya kwa kufuata mahali zilipo data. Aliyekuja nyuma aweza kuhudumiwa kwanza. Napendekeza basi amri zinazosubiri kupelekwa ziitwe foleni, na zilizokwisha kupokelewa na diski ziitwe kapu.