NANI ATAIRUSHA, NA KWA MKATABA GANI?

Mada kwa viongozi wa walei wa Musoma, Bunda na Butiama



Tulipotangaza kwamba leo tutazungumza juu ya marubani, baadhi yenu mlicheka. Mliuliza: marubani na sisi, wapi na wapi? Mvuvi wa Musoma, mkulima wa pamba wa Bunda na mama auzaye mihogo Butiama wana shughuli gani na watu wanaolipwa mishahara minono huko mawinguni? Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu. Ila tunaomba kwanza tuwasimulie kisa.

1. Kisa cha ndege ndogo

Mwaka 1997 shirika la American Airlines la Marekani lilitaka kununua ndege ndogo za jeti. Hoja yake ilikuwa na mantiki. Ndege kubwa inayoruka nusu tupu hula fedha, na miji midogo haiwezi kuijaza. Sisi wa Mara tunaielewa hoja hiyo kuliko wengi, kwani uwanja wetu wa Musoma kwa miaka mingi ulikuwa na njia ya changarawe. Ndege iliyotufikia ilikuwa ndogo. Bila ndege ndogo tusingefikiwa kabisa.

Marubani wa shirika hilo walikuwa na swali moja: nani atazirusha? Shirika lilikusudia zirushwe na marubani wa kampuni yake tanzu, American Eagle, waliolipwa kidogo kuliko wao. Wakaona hatari mbele. Leo ni ndege ndogo, kesho za wastani, na keshokutwa kazi yote itakuwa imehamia kwenye mkataba wa bei rahisi.

Usiku wa tarehe 15 Februari 1997 waligoma. Mgomo ulidumu dakika chache tu, maana Rais Bill Clinton aliingilia kati kwa mamlaka aliyopewa na sheria, nao wakarudi kazini. Miezi michache baadaye mkataba ulipatikana: ndege ndogo zilinunuliwa, zikarushwa na kampuni tanzu, lakini idadi yake ikawekewa mpaka.

Je, haki ilitendeka? Tunasema: nusu yake. Marubani wa shirika kubwa walijiwekea ukuta, na ndani ya ukuta huo walikuwa salama. Rubani wa ndege ndogo alibaki nje, akivaa sare kama wao, akibeba roho za watu kama wao, kwa ujira wa chini.

2. Mkataba dhaifu ni hatari kwa abiria

Tarehe 12 Februari 2009 ndege ya kampuni ndogo ya Colgan Air, iliyoruka kwa niaba ya shirika kubwa, ilianguka karibu na Buffalo, Marekani. Walikufa watu 50: wote 49 waliokuwa ndani na mmoja aliyekuwa nyumbani kwake. Ilikuwa ndege ya aina ya Q400, aina ile ile tunayoijua kwetu, na haikuwa na kasoro. Wachunguzi walisema rubani aliikosea hatua. Lakini uchunguzi ulifunua jambo jingine pia: mshahara wa msaidizi wake ulikuwa mdogo, naye alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka upande wa pili wa nchi ili awahi kazini.

Hatusemi kwamba umaskini wa mtu mmoja ndio ulioiangusha ndege. Tunasema kwamba rubani anayeogopa kufukuzwa ataona vigumu kutamka, “Leo nimechoka, sirushi.” Dereva wa basi la kwenda Sirari naye ni hivyo hivyo, na nahodha wa mtumbwi wa injini anapoamriwa na tajiri kuondoka wakati ziwa limechafuka. Usalama wa kazi yake ni usalama wa roho zetu.

3. Tuliyoyaona Afrika Mashariki

Msidhani mambo haya ni ya Wazungu. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianza mwaka 1946, likawa mali ya nchi tatu. Mwaka 1977 lilisambaratika pamoja na Jumuiya yenyewe, na kila nchi ikaunda shirika lake. Letu likawa Air Tanzania. Mkataba wa kugawana mali na madeni ya Jumuiya ulitiwa saini mwaka 1984. Lakini waliokuwa wafanyakazi wa Jumuiya, wakiwemo wa meli na bandari za ziwa letu, wengi waliendelea kudai mafao yao hata baada ya mwaka 2000. Mali ilipata wagawaji mapema. Wazee walingoja, na wengine walizikwa wakingoja.

Jirani zetu wa Kenya walipata somo lao. Mwaka 2012 shirika la Kenya Airways lilikuwa na mpango mkubwa wa kuongeza ndege, ulioitwa Mawingu. Mwaka huo huo likapunguza mamia ya wafanyakazi. Mahakama ya kazi iliamuru warudishwe. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikaifuta amri hiyo. Ndege mpya zilikuja, lakini kwa mwaka wa fedha ulioishia Machi 2015 shirika lilitangaza hasara ya shilingi za Kenya bilioni 25.7, na mwaka 2016 baadhi ya ndege zikakodishwa kwa wengine. Sababu za hasara zilikuwa nyingi. Novemba 2022 marubani wakagoma kwa siku kadhaa, wakidai pamoja na mengine michango ya mfuko wao wa uzeeni iliyokuwa imesimamishwa, mpaka mahakama ilipowaamuru warudi.

Hapa kwetu, tangu mwaka 2016 serikali imenunua ndege mpya kadhaa, zikiwemo jeti za Airbus A220. Tunashukuru, kwa kuwa nchi inahitaji usafiri. Hata hivyo, mwishoni mwa mwaka 2022 baadhi ya jeti hizo zililazimika kukaa chini kwa matatizo ya injini zake. Mashine nayo huugua. Siku inapougua ndipo tunapokumbuka kwamba mtaji wa kweli ni fundi, rubani na mhudumu.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndege mpya, kama mashine yoyote mpya, ni mgeni. Tumpokee. Lakini tuulize kama mwenyeji atapona, au ndiye atakayetolewa nje ili mgeni apate kitanda.

4. Kosa letu wenyewe

Sasa tunarudi kwenye swali lenu. Marubani na sisi, wapi na wapi?

Katika parokia moja tuliyoitumikia zamani, waamini walichanga kwa miaka mitatu tukanunua gari jipya. Tulilibariki kwa maji ya baraka, kwaya ikaimba, akina mama wakapiga vigelegele. Gari la zamani, Land Rover, lilikuwa limeendeshwa na mzee mmoja kwa miaka 14, usiku na mchana, akipeleka wagonjwa na kuwafikisha makateksita vigangoni. Kamati ikasema gari jipya linataka kijana. Nasi tukakubali. Tukampa mzee bahasha na ahsante.

Alikuja ofisini akiwa ameshika kofia mkononi. Akasema: “Baba, hili gari lina karatasi tano: ya kununulia, ya kadi, ya bima, ya kodi na ya dhamana. Mimi nimekaa hapa miaka 14 sina hata moja.”

Hatukuwa na jibu. Tulimlipa sehemu ya haki yake baada ya miaka miwili, kwa aibu zaidi kuliko kwa hiari. Tangu siku ile hatuwezi kuwasema wenye mashirika ya ndege bila kuanza na sisi wenyewe.

5. Mafundisho na sheria

Baba Mtakatifu Leo XIII alitetea ujira wa haki katika waraka wa Rerum Novarum wa mwaka 1891. Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba kazi ya mtu hutangulia mtaji, kwa kuwa mtaji ni chombo na mtu ndiye mwenye kazi. Na yule aliyezaliwa na kuzikwa Butiama, Mwalimu Nyerere, aliongoza taifa kutangaza Azimio la Arusha mwaka 1967, lililokataa kuifanya fedha kuwa msingi wa maendeleo.

Sheria ya nchi nayo haikunyamaza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi. Anayekusudia kupunguza wafanyakazi lazima atoe taarifa, aeleze sababu, na ashauriane nao au na chama chao juu ya njia za kuepuka jambo hilo, namna ya kuchagua watakaoondoka, na malipo yao. Anayeona ameachishwa isivyo haki hupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Wengi wetu hupoteza haki kwa kungoja huruma mpaka siku hizo zipite.

6. Maswali kwa jumuiya ndogondogo

Ndugu zetu, msiyaache maneno haya ukumbini. Myapeleke jumuiyani, mjadili:

(a) Katika parokia, zahanati na shule zetu, ni nani anafanya kazi bila mkataba wa maandishi? Mtajeni kwa jina na kwa miaka aliyotumika.

(b) Kabla ya kununua mashine ya kusaga, trekta au injini ya mtumbwi, je, kamati imeuliza nani ataiendesha, na kwa mkataba gani?

(c) Sisi wenye ajira ya kudumu tumewasaidiaje vibarua wanaofanya kazi ile ile pembeni yetu?

Swali la kwanza lisingoje mwezi ujao. Tunaomba orodha ya majina hayo iletwe na kila parokia, nasi tutaanza kwa kuleta ya nyumba yetu ya mapadre.

Amani ya Kristo iwe nanyi.