Vitabu Vyema, Kasha Tupu



Tumeombwa tuseme machache juu ya namna benki za Ulaya zinavyochunga mikopo yao na fedha zao za mkononi. Pengine wengine mtauliza: mkulima ana nini na benki za Ulaya? Mbegu ya vyama vya kuweka na kukopa ilipandwa huko. Friedrich Wilhelm Raiffeisen alianzisha chama cha mikopo Heddesdorf, Ujerumani, mwaka 1864. Na hatari zinazolikabili kasha la chama kidogo ndizo zile zile ziangushazo majumba makubwa.

Hatari hizo ni mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni kwamba mdeni hatalipa. Ya pili ni kwamba atalipa, lakini baadaye, na hali mwenye amana amesimama mlangoni leo.

Tazameni Northern Rock ya Newcastle, Uingereza. Benki hiyo iliwakopesha watu fedha za kununulia nyumba, zirudishwe kwa miaka mingi, na wadeni wake walio wengi walikuwa wakilipa vyema. Lakini sehemu kubwa ya fedha hizo haikuwa amana za wateja. Benki ilizikopa katika masoko ya fedha, nyingine kwa muda mfupi tu, na muda ulipokwisha ikakopa tena. Agosti 2007 masoko yakafunga mkono. Tarehe 14 Septemba wateja wakapanga foleni barabarani kutoa akiba zao, wala hofu haikutulia mpaka Serikali ilipotangaza, siku 3 baadaye, kuwa itadhamini amana. Februari 2008 benki ikawa mali ya umma. Sisi hatuwalaumu waliopanga foleni. Nani angekubali kuwa wa mwisho?

Banco Popular ya Hispania iliumwa kwanza upande wa mikopo: madeni ya majumba na viwanja yaliyokwama kwa miaka. Wenye amana wakaogopa, wakatoa fedha mpaka kasha likakauka. Tarehe 7 Juni 2017 iliuzwa kwa Santander kwa euro 1, na wenye hisa hawakupata kitu.

Tangu Novemba 2014 Benki Kuu ya Ulaya huzisimamia yenyewe benki kubwa za nchi zitumiazo euro. Mkopo uliochelewa siku 30 kwa kawaida huhesabiwa kuwa umezidi hatari. Ukipita siku 90, huhesabiwa kuwa umeshindikana, na fedha za kufidia hasara hutengwa mapema. Tena, tangu 2018, sharti benki iwe na fedha taslimu, au dhamana ziuzikazo upesi, za kutosha siku 30 za msukosuko.

Lakini kipimo si ngome. Credit Suisse ya Uswisi ilikuwa juu ya kiwango hicho mwisho wa 2022, ingawa amana zake zilikwisha kupungua kwa zaidi ya faranga bilioni 100 katika miezi 3. Machi 2023 ikachukuliwa na UBS. Siku hizi mtu hutoa fedha kwa simu, akiwa kitandani.

Kwa hiyo twaiomba halmashauri iagize hesabu za kila mwezi ziwe na kurasa mbili: mmoja wa wadeni waliochelewa siku 30 na siku 90, na mwingine wa fedha zitakazodaiwa kabla mazao hayajauzwa. Ukurasa wa kwanza tunao tayari. Wa pili tungependa kuuona kabla ya msimu ujao wa malipo.